Malezi na Taaluma: Wanawake katika Tiba na Sayansi tangu 1741

Mwaka 1741 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alimruhusu Dorothea Leporin, binti wa daktari wa mji wa Quedlinburg, kufanya mtihani wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Halle. Ruhusa hiyo ilikaa miaka 13 bila kutumika. Mwaka uliofuata Dorothea aliolewa na mchungaji Johann Christian Erxleben, aliyekuwa amefiwa na mke na kuachiwa watoto watano, kisha yeye mwenyewe akazaa wanne. Aliendelea kutibu wagonjwa wa mji huku akilea, hadi mwaka 1753 madaktari wenzake waliposhtaki kwamba anatibu bila cheti. Alifanya mtihani Mei 1754 na kuhitimu Juni mwaka huohuo, akawa mwanamke wa kwanza Ujerumani kupata shahada ya udaktari wa tiba.

Kumruhusu mwanamke aingie katika taaluma ni jambo moja, na kumwezesha abaki humo ni jingine. Erxleben alipata ruhusa kwa barua moja, lakini nafasi ya kuitumia aliipata baada ya watoto tisa. Tangu wakati huo milango ya vyuo, hospitali na maabara imefunguliwa mmoja baada ya mwingine, na kila ulipofunguliwa, swali la nani atabaki na mtoto, mgonjwa au mzee nyumbani lilijitokeza upya mahali pengine.

Kazi ilipohama nyumbani

Katika karne ya 17 na 18 sehemu kubwa ya sayansi ya Ulaya ilifanyika majumbani. Darubini ilisimamishwa uani, maabara ilikuwa chumba cha nyuma, na mke, dada au binti wa mtaalamu alijifunza kazi kwa kuishi nayo. Caroline Herschel alianza kwa kumsaidia kaka yake William kutazama anga, akaishia kugundua nyotamkia kadhaa yeye mwenyewe. Marie-Anne Lavoisier aliandika kumbukumbu za majaribio ya mumewe Antoine jijini Paris na kuchora vyombo vyake. Huko Bologna, Laura Bassi alipata shahada mwaka 1732, akaolewa, akazaa watoto kadhaa, na kuanzia 1749 akafundisha fizikia ya majaribio nyumbani kwake. Wanawake hao walikuwa wachache na wengi wao hawakulipwa, ila hawakulazimika kutoka nyumbani ili wafanye kazi.

Afrika Mashariki nako uzalishaji ulikuwa kazi ya nyumbani. Mkunga wa jadi kwa kawaida alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzaa na kulea, na uzazi wake mwenyewe ulihesabiwa miongoni mwa sifa zake. Alijifunza kwa kumfuata mama, shangazi au bibi, na kufikia wakati wa kuitwa usiku kwenda kuzalisha, watoto wake mwenyewe walikuwa wamekua. Malezi yalikuja kwanza, kazi ikafuata.

Karne ya 19 iligeuza mpango huo. Tiba ilihamia katika hospitali kubwa za mijini, sayansi ikahamia katika vyuo vikuu na taasisi za serikali, na kila fani ikaweka ngazi zake: shahada, mafunzo ya vitendo, mtihani wa ubingwa, ajira ya kudumu. Ngazi hizo zilianza kupandwa mtu akiwa na miaka 20 hivi na kumalizika akiwa na 30 na kitu, ndiyo miaka ambayo wanawake wengi huzaa.

Shule ya uuguzi aliyoianzisha Florence Nightingale katika Hospitali ya St Thomas’ jijini London mwaka 1860 iliwaweka wanafunzi katika bweni chini ya msimamizi wa kike, na utaratibu huo ukaenea duniani. Muuguzi alikuwa mwanamke asiye na mume, na akiolewa aliaga. Hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa Baltimore mwaka 1889, iliweka mfumo wa madaktari vijana kulala hospitalini miaka kadhaa ili wapate ubingwa, na walitakiwa wawe hawajaoa. Mfumo huo ulimchukulia daktari kuwa mtu asiye na nyumba ya kurudi, au mwenye nyumba inayoendeshwa na mtu mwingine.

Wamisionari walileta mfano huohuo huku Afrika Mashariki. Mwaka 1921 Albert na Katharine Cook walifungua shule ya wakunga ya Lady Coryndon huko Mengo, Kampala. Waliofundishwa humo walikuwa wasichana waliopitia shule za misheni. Kwa mara ya kwanza katika eneo hilo, mtu aliweza kuitwa mkunga kabla hajazaa, na swali la atakavyofanya siku atakapozaa likabaki bila jibu.

Waliotangulia

Elizabeth Blackwell alihitimu Geneva Medical College, jimbo la New York, Januari 1849, akiwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani. Hakuolewa. Mwaka 1854 alimchukua binti yatima, Kitty Barry, aliyekuja kuwa msaidizi wake wa nyumbani maisha yake yote. Wengi wa kizazi chake walipita njia hiyo ya kubaki bila mume, ama kwa kupenda, ama kwa kuona kwamba hakuna nyingine.

Elizabeth Garrett Anderson wa Uingereza alichukua njia tofauti. Alipata leseni ya Chama cha Wauza Dawa cha London mwaka 1865, chama hicho kikabadili kanuni ili mwanamke mwingine asipite hapohapo, na mwaka 1870 akapata shahada ya udaktari Paris. Alipoolewa na mfanyabiashara James Skelton Anderson mwaka 1871, baadhi ya watetezi wa elimu ya wanawake waliingiwa na hofu kwamba ndoa ingewapa wapinzani hoja. Hakuacha kazi. Alizaa watoto watatu, mmoja akafariki akiwa mchanga, na kuanzia 1883 hadi 1903 alikuwa mkuu wa Shule ya Tiba ya Wanawake ya London. Binti yake Louisa naye akawa daktari.

Garrett Anderson aliweza kwa sababu ambazo wengi hawakuwa nazo: baba tajiri, mume aliyekubali, na watumishi wa nyumbani. Marie Curie naye alitegemea mkono wa pili. Binti yake Irène alipozaliwa mwaka 1897, baba mkwe wake Eugène Curie, daktari aliyefiwa na mkewe muda mfupi baadaye, alihamia kwao na kumlea mjukuu wakati wazazi wakisaga mawe yenye urani katika banda la Rue Lhomond. Mumewe Pierre alipogongwa na gari la farasi na kufa mwaka 1906, mzee huyo aliendelea kuwalea Irène na mdogo wake Ève hadi alipofariki mwaka 1910. Marie alipata tuzo yake ya pili ya Nobel mwaka uliofuata. Wasifu wake husomwa mashuleni kama kisa cha akili na uvumilivu wa mtu mmoja, na babu aliyekuwa akimlaza mtoto ni nadra kutajwa.

Marufuku ya ndoa

Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo vingi vilikuwa vimefunguka, kwa hiyo kizuizi kikahamia kwa mwajiri. Serikali, halmashauri za miji, mabenki na shule katika nchi nyingi zilikuwa na kanuni ya kumwondoa kazini mwanamke anayeolewa. Waliozitetea walitoa sababu tatu: mume ndiye mtafutaji, nafasi za kazi ni chache, na mshika mawili moja humponyoka.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1919 iliyosema kwamba mwanamke asizuiwe kushika kazi kwa sababu ya jinsia yake wala ndoa yake. Miaka miwili baadaye, Halmashauri ya St Pancras jijini London ilimwachisha kazi Dk. Gladys Miall-Smith kwa sababu alikuwa ameolewa na daktari mwenzake. Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa ya afya ya mama na mtoto. Malalamiko ya vyama vya wanawake hayakumrudishia kazi yake. Halmashauri ya Jiji la London iliondoa marufuku kwa walimu na madaktari mwaka 1935, na utumishi wa serikali kuu mwaka 1946. Ireland iliiondoa mwaka 1973.

Jinsi kanuni hiyo ilivyofanya kazi inaonekana vizuri katika kisa cha Ruby Payne-Scott wa Australia. Alizaliwa mwaka 1912, akasoma fizikia Sydney, na mwaka 1941 akajiunga na maabara ya serikali iliyokuwa ikitengeneza rada za kivita. Vita vilipokwisha, yeye na wenzake waligeuza antena za rada juani. Kutoka juu ya genge la Dover Heights, wakati jua linachomoza baharini, antena ilipokea mawimbi ya redio kwa njia mbili, moja kwa moja kutoka juani na kwa kuakisiwa na maji. Kwa kulinganisha mawimbi hayo mawili waliweza kujua ni sehemu gani ya jua inayoyatoa. Kipimo hicho, cha Januari 1946, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza vya aina yake katika elimu ya nyota kwa redio, na Payne-Scott alikuwa mmoja wa wataalamu wakuu wa hesabu zake.

Muda wote huo alikuwa na siri. Aliolewa na Bill Hall mwaka 1944 bila kumwarifu mwajiri, kwa kuwa kanuni za utumishi ziliruhusu mke wa mtu kuajiriwa kwa muda tu. Mwaka 1950 siri ilifichuka. Alibaki na kazi, ila alivuliwa ajira ya kudumu pamoja na haki zake za pensheni, na aliandikiana barua kali na mwenyekiti wa taasisi akihoji uhalali wa kanuni hiyo. Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito. Likizo ya uzazi haikuwepo, akajiuzulu akiwa na miaka 39. Hakurudi katika utafiti, na miaka ya baadaye alifundisha hesabu na sayansi katika shule ya wasichana. Marufuku hiyo ilifutwa katika utumishi wa umma wa Australia mwaka 1966.

Wanandoa waliokuwa wanasayansi wote wawili walikutana na kanuni nyingine, ya kukataza jamaa wa familia moja kuajiriwa na chuo kimoja. Kwa maandishi ilikusudiwa kuzuia upendeleo. Kwa vitendo, mume ndiye aliyepewa kiti, naye mke akafanya kazi bure. Maria Goeppert Mayer alifanya utafiti Johns Hopkins kuanzia 1930 na baadaye Chicago kama mtu wa kujitolea, huku akilea watoto wawili. Muundo wa matabaka ndani ya kiini cha atomu, uliompatia Nobel mwaka 1963, aliufikia katika kipindi hicho. Uprofesa kamili wenye mshahara kamili aliupata San Diego mwaka 1960, akiwa na miaka 53. Gerty Cori, aliyechunguza pamoja na mumewe Carl jinsi mwili unavyotumia sukari, alikaa St. Louis miaka 16 katika cheo cha chini kabla ya kufanywa profesa mwaka 1947, mwaka uleule waliposhinda Nobel.

Likizo ya kwanza ya Oxford

Dorothy Hodgkin alikuwa mwalimu wa kemia katika Chuo cha Somerville, Oxford, alipopata mimba ya kwanza mwaka 1938. Chuo kilikuwa cha wanawake, na walimu wake walikuwa wamezoea kuchagua kati ya ndoa na kazi, hivyo hapakuwa na kanuni ya kumhusu mama. Badala ya kumwondoa, Somerville ilimpa likizo yenye malipo, inayohesabiwa kuwa likizo ya uzazi ya kwanza ya namna hiyo Oxford. Alizaa watoto watatu kati ya 1938 na 1946. Katika miaka hiyohiyo alipata ugonjwa wa baridi yabisi uliomharibu viungo vya mikono, na akatumia mionzi ya eksirei kutambua muundo wa penisilini. Muundo wa vitamini B12 ulifuata katika miaka ya 1950.

Mumewe, Thomas Hodgkin, mwanahistoria wa Afrika, kwa miaka mingi alikuwa na kazi mbali na Oxford. Nyumba iliendeshwa na Dorothy pamoja na ndugu na wasaidizi wa kulipwa. Habari ya tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1964 ilimkuta Ghana, ambako Thomas alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Taaluma za Afrika. Magazeti ya Uingereza yalimtambulisha kwa wasomaji kama mama wa nyumbani. Chuo chenye walimu wachache, wanaojuana, kiliweza kutunga kanuni mpya kwa ajili ya mtu mmoja. Hospitali zenye maelfu ya waajiriwa zilichukua muda mrefu zaidi.

Makerere, Nairobi, Muhimbili

Mafunzo ya tiba yalianza Mulago, Kampala, mwaka 1924. Chuo cha Makerere wakati huo kilikuwa cha wavulana, na kaulimbiu yake ilihimiza wanafunzi wawe wanaume. Wasichana sita wa kwanza waliingia mwaka 1945 na kaulimbiu ikabadilishwa. Josephine Nambooze wa Uganda alihitimu udaktari hapo mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki, akaja kuwa profesa wa afya ya jamii. Tanganyika ilipopata uhuru haikuwa na daktari mzalendo mwanamke. Esther Mwaikambo, aliyesomea Urusi ya Kisovieti na kurejea kuwa daktari wa watoto, alifungua njia hiyo. Mwaka 1987 madaktari wanawake wa Tanzania walianzisha chama chao, MEWATA, yeye akiwa mstari wa mbele.

Serikali mpya zilirithi kanuni za ajira za kikoloni, zilizomchukulia mke kuwa mtegemezi wa mume. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu hapo mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati, katika anatomia ya mifugo. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na wa tatu alizaliwa mwaka 1974. Alikuta kwamba mhadhiri mwanamume alipewa nyumba ya chuo, matibabu ya familia na pensheni, ilhali mhadhiri mwanamke mwenye ndoa alinyimwa sehemu kubwa ya marupurupu hayo kwa hoja kwamba mume wake atayapata kazini kwake. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walilipeleka suala hilo kwa uongozi na kujaribu kuwaunganisha wahadhiri katika chama cha wafanyakazi. Madai mengi ya usawa yalikuja kutekelezwa.

Maathai alipanda hadi kuwa mkuu wa idara mwaka 1976 na profesa mshiriki mwaka 1977. Mwaka 1979 ndoa yake ilivunjwa mahakamani. Akiwa mama peke yake mwenye mshahara usiotosha, alichukua kazi ya Umoja wa Mataifa iliyomtaka asafiri nje ya nchi, na watoto wakaenda kukaa na baba yao. Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha kazini na kumtaka aondoke katika nyumba ya chuo. Miaka 16 ya taaluma ilikatika hapo. Kazi iliyompa Nobel ya Amani mwaka 2004 aliifanya nje ya chuo.

Sheria zilibadilika polepole. Kenya, chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 1976, ilitoa miezi miwili ya likizo ya uzazi yenye malipo, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya mwaka 2007 iliongeza muda kuwa miezi mitatu, ikafuta adhabu hiyo, na kuwapa akina baba wiki mbili. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inatoa siku 84, au 100 kwa mama wa watoto zaidi ya mmoja kwa uzazi mmoja. Baba hupata angalau siku tatu. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili ndani ya muda wa kazi ili amnyonyeshe mtoto.

Saa hizo mbili ni rahisi kwa mtu wa ofisini. Katika wodi yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, au chumba cha upasuaji ambamo daktari bingwa ni mmoja kwa mkoa mzima, zinategemea kuwepo kwa mtu wa kumshikia nafasi. Jambo jingine ni kupangiwa kituo. Mtumishi wa afya hupelekwa anakohitajika, na mwenzi wake huenda ameajiriwa mkoa mwingine. Barua za kuomba uhamisho kwa sababu ya kumfuata mwenza zimejaa katika majalada ya halmashauri za Tanzania. Aliyehama hufika kituo kipya akiwa mgeni, pengine katika idara ambayo haihitaji ujuzi wake, na aliyebaki hulea watoto peke yake.

Masomo ya ubingwa huleta uamuzi kama huo. Anayeanza udaktari na miaka 20 humaliza shahada ya kwanza akikaribia au kupita 25, hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, hutumikia kituo alichopangiwa, kisha akitaka ubingwa hurudi katika vyuo vya Muhimbili, Nairobi au Makerere kwa miaka mitatu au zaidi. Watoto hubaki kwa bibi au chini ya dada wa kazi. Mpango huo umewawezesha wanawake wengi kuwa mabingwa, na gharama yake hubebwa na mwanamke mwingine: mama mzazi aliyedhani amekwisha kulea, au binti wa kijijini aliyeacha masomo yake mapema.

Kizuizi kilichobaki ndani ya ratiba

Marekani ilipopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyofadhiliwa na serikali mwaka 1972, idadi ya wanawake katika tiba ilipanda haraka. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wote wa tiba nchini humo. Lakini likizo ya uzazi haikufuata kasi hiyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, na kwa waajiri wenye watu 50 au zaidi. Ni mwaka 2021 tu bodi za ubingwa zilipotakiwa kuwaruhusu madaktari walio mafunzoni angalau wiki sita za likizo ya uzazi au ya kuuguza ndugu bila kurefushiwa mafunzo.

Tafiti za karibuni zimepima tofauti iliyobaki. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu madaktari watafiti vijana wa Marekani ulikuta kwamba wanawake wenye ndoa na watoto walitumia saa 8.5 zaidi kwa wiki katika kazi za nyumbani na malezi kuliko wanaume wa hali kama yao. Mwaka 2019 utafiti mwingine, uliowafuatilia wataalamu wa sayansi na uhandisi baada ya mtoto wa kwanza, ulikuta asilimia 43 ya akina mama wameacha ajira ya muda wote katika fani zao, dhidi ya asilimia 23 ya akina baba. Takwimu hiyo ya akina baba nayo ina maana yake: taratibu za kazi zinawabana wazazi wote, ila mzigo unamwelemea mama zaidi.

Japan ilionyesha kwamba dhana ya zamani inaweza kukaa kimya ndani ya mfumo ulio wazi kwa sura. Mwaka 2018 ilibainika kwamba Chuo Kikuu cha Tiba cha Tokyo kilikuwa kimepunguza alama za wasichana katika mtihani wa kuingia kwa zaidi ya miaka kumi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba madaktari wanawake huacha kazi wakishazaa, na hospitali za chuo zingekosa watu wa zamu. Uchunguzi wa serikali ulikuta vyuo vingine vyenye mtindo huo. Zamu ndefu ndizo zilizowaondoa akina mama hospitalini, kisha kuondoka kwao kukatumiwa kuwazuia mabinti ambao hawajazaa. Mwaka 2021 kiwango cha kufaulu cha wasichana katika mitihani ya kuingia vyuo vya tiba nchini humo kilikipita kidogo cha wavulana kwa mara ya kwanza.

Malezi si ya watoto peke yao. Wazee, wagonjwa wa muda mrefu na ndugu wenye ulemavu huhitaji uangalizi, na mwanamke aliyesomea tiba ndiye ukoo mzima humtazama kwanza. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za uangalizi zisizolipwa duniani. Sheria nyingi zinatambua siku za kujifungua, na ni chache zinazotambua miaka ya kumuuguza mzazi.

Njia zilizojaribiwa

Uingereza ilianza kutafuta njia mapema kwa sababu ilihitaji madaktari. Rosemary Rue, daktari aliyepoteza kazi yake ya kwanza hospitalini kwa kuwa alikuwa na mume na mtoto, aliingia katika uongozi wa hospitali za eneo la Oxford na katika miaka ya 1960 akaunda nafasi za mafunzo ya saa pungufu kwa madaktari akina mama. Mfano wake uliigwa kitaifa, na mwaka 1972 ukaongezwa mpango wa kuwalipia madaktari wanaolea ada ndogo ili waendelee kuhudhuria mafunzo na kufanya kazi siku chache, wasipoteze ujuzi. Daphne Jackson, profesa wa kwanza wa fizikia mwanamke nchini humo, alianzisha mwaka 1985 ufadhili wa miaka miwili kwa wanasayansi waliotaka kurudi maabara baada ya malezi.

Nchini Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard, mshindi wa Nobel wa mwaka 1995, alianzisha mwaka 2004 mfuko unaowapa wanasayansi wanawake vijana wenye watoto fedha za kulipia msaidizi wa nyumbani na yaya. Kinachonunuliwa na mfuko huo ni muda. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama mwombaji miezi 18 kwa kila mtoto katika hesabu ya miaka tangu shahada ya uzamivu, ili asishindanishwe na mtu ambaye hakusimama njiani.

Uzoefu umeonyesha pia kwamba kanuni inayotoa haki sawa inaweza kuleta matokeo yasiyo sawa. Vyuo vingi vya Marekani viliamua kumwongezea mzazi yeyote muda wa majaribio unaotangulia ajira ya kudumu. Utafiti wa idara za uchumi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba baada ya kanuni hiyo kuanza, wanaume wengi zaidi walipata ajira ya kudumu katika vyuo hivyo na wanawake wachache zaidi. Muda ulioongezwa ulikuwa ni uleule kwa wote, lakini aliyezaa na kunyonyesha na ambaye hakuzaa hawakuutumia kwa namna moja: baadhi ya wanaume waliutumia kuongeza machapisho.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii duniani, na wanashika takriban robo ya nafasi za uongozi. Kwa hesabu za UNESCO, ni theluthi moja ya watafiti wa sayansi. Marufuku zilizoandikwa zimefutwa karibu kila mahali. Kinachowaondoa wanawake ngazini sasa ni urefu wa zamu, umri wa mwisho wa kuomba ufadhili, kituo cha kazi kilicho mbali na familia, na masomo ya ubingwa yanayoangukia miaka ya uzazi. Haya yote yaliwekwa na watu katika nyakati zinazojulikana, kwa kumkadiria mfanyakazi mwenye mtu wa kumlelea nyumbani, na pale yalipobadilishwa, kama Somerville mwaka 1938 au Oxford katika miaka ya 1960, waliodhaniwa kwamba wangeacha kazi waliendelea nayo.